Jina la Biashara, Ubia au Kampuni: Gharama Ambayo Fomu ya Usajili Haikuonyeshi

Mtu akishapata wateja wawili watatu wa kwanza, ushauri humjia kutoka kila upande. Mmoja anamwambia afungue kampuni haraka, maana bila kampuni hakuna atakayemwamini. Mwingine anamwambia asijisumbue, asajili jina tu aendelee na kazi. Wa tatu ametazama video ya Mmarekani na anashikilia kwamba dawa ni kufungua LLC, muundo wa biashara wa Kimarekani, hata kama sheria za nchi wanamoishi hazina kitu kinachoitwa hivyo. Baada ya kuwasikiliza wote, mtu huyu anachagua njia yenye ada ndogo ya usajili, au ile yenye jina zito. Alichokichagua hasa anakuja kukijua miaka miwili baadaye, barua ya faini ikifika mezani.

Swali la "ipi ni nafuu" ni swali la haki kabisa kwa mtu anayeanza na akiba yake mwenyewe. Tatizo ni kwamba wengi wanalijibu kwa kutazama ada ya siku ya kwanza, na ada hiyo kwa kawaida ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Muundo wa kisheria wa biashara una gharama tatu: ya kuingia, ya kukaa, na ya siku mambo yakiharibika. Anayepima ya kwanza peke yake amepima mlango akadhani amepima nyumba.

Vitu vinne vinavyoitwa "usajili"

Mtu akisema "nimesajili biashara yangu" huenda anamaanisha kimojawapo kati ya vitu vinne, na kila kimoja kina kazi yake. Leseni ni ruhusa ya kufanya shughuli fulani, mara nyingi mahali fulani na kwa muda maalumu. Namba ya mlipakodi ni utambulisho wako kwa mamlaka ya kodi. Jina la biashara ni bango, linaueleza umma kwamba fulani anafanya kazi kwa jina hili badala ya jina lake la kuzaliwa. Cha nne ndicho muundo wa kisheria, nao hujibu swali moja: mbele ya sheria, ni nani hasa anayefanya biashara hii? Nani mwenye mali yake, na nani anadaiwa ikishindwa kulipa?

Unaweza kuwa na vile vitatu vya mwanzo bila kukigusa cha nne hata kidogo. Tuseme fundi cherehani amesajili jina la biashara, amechapisha kadi, amefungua akaunti benki, na cheti amekitia kwenye fremu akakitundika ukutani juu ya mashine. Shule moja inampa oda ya sare, anakosea vipimo, vitambaa vyote vinaharibika, shule inashtaki. Anayeitwa mahakamani ni fundi mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, na kinachoweza kukamatwa ni chochote alicho nacho, kuanzia mashine hadi kiwanja alichonunua kabla hata hajajua kushona. Jina la biashara ni kama lakabu. Ukimkopesha mtu anayejulikana kwa lakabu, anayedaiwa ni yeye. Lakabu haina mfuko.

Na cheti kile hakimpi haki ya kuzuia kila mtu asitumie jina hilo kwenye bidhaa. Kazi hiyo ni ya alama ya biashara, ambayo husajiliwa kwa sheria nyingine na kwa ada nyingine. Watu wengi hugundua tofauti hii baada ya kulijenga jina kwa miaka, mtu mwingine anapotangulia kulisajili kama alama.

Dhima: neno la kulishika kabla ya mengine

Dhima ni wajibu wa kulipa au kujibu kwa jambo lililotokea. Dhima isiyo na kikomo maana yake ni kwamba deni la biashara ni deni lako, na mdai anaweza kufuata mali yako hata ile isiyohusiana na biashara. Dhima yenye kikomo maana yake ni kwamba hasara yako inaishia pale ulipoahidi kuweka; ukishaweka, basi. Miundo yote tutakayoitaja inatofautiana hasa kwa hapo. Makaratasi, kodi na ada vinafuata nyuma.

Biashara ya mtu mmoja ndiyo rahisi kuliko zote. Katika nchi nyingi huanza pale tu unapoanza kuuza. Sheria haingoji sherehe. Faida ni mapato yako, unayatolea kodi mara moja kama mtu binafsi, hesabu zake hazina mlolongo mrefu, na ukiamua kuacha, unaacha. Hakuna mkutano mkuu wala nakala za maazimio. Ubaya wake umeshauona kwa fundi wetu: wewe na biashara ni kitu kimoja, na deni halijui mpaka kati ya dawati la kazi na kabati la nyumbani. Pia ukifa, biashara kama biashara inakwisha, zinabaki mali na madeni kwenye mirathi.

Hata hivyo nasema bila kusita: kwa mtu anayeanza peke yake, kwa fedha zake, bila mkopo mkubwa, katika kazi isiyoweza kumdhuru mtu, huu ndio muundo unaofaa, na hakuna aibu ndani yake. Mfasiri wa nyaraka na mwalimu wa masomo ya ziada hawana haraka ya kampuni. Anayefunga nyaya za umeme kwenye nyumba za watu, au anayesafirisha abiria, yuko kwenye hali nyingine kabisa, maana kosa lake moja linaweza kuzidi mapato ya miaka kumi. Hata huyo, kabla ya kukimbilia kampuni, aulize bei ya bima ya dhima. Mara nyingi bima hiyo ndiyo inayomlipa aliyeumia, jambo ambalo kampuni yenye akaunti tupu haiwezi kufanya.

Ubia unaozaliwa bila karatasi

Ubia ndio muundo unaowanasa watu wengi bila wao kujua. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, ambayo kanuni zake zilisambaa katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza, inaueleza ubia kuwa uhusiano uliopo kati ya watu wanaofanya biashara kwa pamoja kwa lengo la kupata faida. Tazama kisichokuwemo: haijatajwa saini, haujatajwa muhuri, halijatajwa neno "mkataba". Mkishaanza kuuza pamoja na kugawana faida, huenda mmeshakuwa wabia, mpende msipende.

Tuchukue marafiki wawili. Mmoja ana mashine ya kuchapisha aliyoinunua kwa akiba ya miaka mitano. Mwingine hana mtaji, ila ana wateja na ana maneno matamu. Wanakubaliana kwa mdomo, tena jioni moja wakiwa na furaha, kwamba "tutafanya pamoja". Hawaandiki chochote, kwa sababu kumwandikisha rafiki kunaonekana kama kumshuku. Mwaka wa tatu faida inakuwa nzuri na ugomvi unaanza. Mwenye mashine anasema sehemu yake ni kubwa, maana bila mashine kusingekuwa na biashara. Mwenye wateja anasema mashine bila wateja ni chuma.

Sheria ile ya 1890 inasemaje? Kama hakuna makubaliano mengine, faida hugawanywa sawa kwa sawa, na hasara hivyo hivyo. Haiulizi nani aliweka nini zaidi. Hakuna mbia mwenye haki ya mshahara kwa sababu tu anafanya kazi nyingi kuliko mwenzake. Mbia akikopa karatasi za kuchapishia kwa ajili ya biashara, amemfunga na mwenzake, hata kama mwenzake alikuwa safarini na hakuambiwa. Na mmoja akifariki, ubia unavunjika.

Sasa lililo jema: karibu yote hayo yanaweza kubadilishwa kwa makubaliano. Sheria imeweka kanuni hizo kama godoro la akiba, kwa wale waliolala bila kutandika. Kurasa chache za mkataba wa ubia zinaweza kusema faida inagawanywaje, nani anaruhusiwa kukopa na hadi kiasi gani, kila mmoja anatoa saa ngapi za kazi, mali ipi ni ya ubia na ipi imeazimwa tu, anayetaka kutoka analipwaje na thamani ya sehemu yake inapimwa na nani, na mmoja akifariki familia yake inapata nini. Kwa maoni yangu, hakuna karatasi yenye faida kubwa kwa gharama ndogo kuliko hiyo katika biashara ndogo. Anayeona haya kuiandika leo atalipa mawakili wawili kesho kutwa.

Jambo moja mkataba huo hauwezi kulifanya: hauwafungi watu wa nje. Mnaweza kuandika kwamba hasara yote ni ya mmoja wenu, lakini mwenye duka la karatasi anayewadai bado anaweza kumfuata yeyote kati yenu kwa deni lote. Mtamalizana wenyewe baadaye.

Kwa sababu hiyo nchi kadhaa zimeunda ubia wenye dhima yenye kikomo, ambao ni mtu wa kisheria anayejitegemea. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 2000, Kenya mwaka 2011. Unawafaa sana watu wa taaluma, kama wahasibu na wasanifu majengo, ambao hawataki mmoja wao afilisike kwa kosa la mwingine. Gharama yake ya kukaa inafanana zaidi na ya kampuni kuliko ya ubia wa kawaida.

Kampuni ni mtu mwingine

Wazo la kampuni yenye dhima yenye kikomo ni jipya kuliko tunavyodhani. Uingereza iliruhusu kikomo hicho kwa usajili wa kawaida mwaka 1855, baada ya mabishano makali. Lakini kesi iliyoyaweka mambo wazi ni ya fundi viatu.

Aron Salomon alikuwa akitengeneza mabuti ya ngozi huko Whitechapel, London, kwa miaka mingi, kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1892 aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Sheria ya wakati huo ilitaka watu saba, naye akaitimiza idadi kwa mkewe, binti yake na wanawe wanne, kila mmoja akapewa hisa moja. Yeye akabaki na zaidi ya hisa 20,000. Sehemu ya bei ambayo kampuni ilitakiwa kumlipa kwa kuinunua biashara yake iliandikwa kama deni lenye dhamana, pauni 10,000. Muda si mrefu biashara ikayumba, na mwaka 1893 kampuni ikawa imeanguka. Wadai wa kawaida wakakuta kwamba deni lenye dhamana linameza karibu kila kitu kilichobaki.

Wakasema jambo ambalo mtu yeyote angesema: kampuni hii ni Salomon yuleyule aliyevaa koti jingine. Mahakama mbili zikakubaliana nao. Mwezi Novemba 1896 Mahakama ya Juu kabisa, ile ya Malodi, ikatengua. Kampuni ikishasajiliwa kwa kufuata sheria, ni mtu tofauti na wanaoimiliki, hata kama kazi ni ileile, na mikono inayoifanya ni ileile. Madeni yake si ya Salomon.

Kila anayeandika "Ltd" mwishoni mwa jina la biashara leo anasimama juu ya hukumu hiyo au juu ya sheria inayofanana nayo. Na yale masharti ya watu saba yamekwisha katika nchi nyingi. Uganda iliruhusu kampuni ya mtu mmoja kwa sheria ya 2012, India kwa sheria ya 2013, Kenya kwa sheria ya 2015. Kwa hiyo "sina mwenzangu" si sababu tena ya kumwandika shemeji kwenye hisa ambazo hajui kama anazo. Hilo nalisisitiza, kwa sababu shemeji huyo akifariki au mkigombana, hisa ile moja inaweza kuzuia saini unayoihitaji benki.

Gharama ya kukaa

Kampuni kuwa mtu kuna maana nyingine ambayo watu hawaipendi: mtu huyo anataka kutunzwa. Ana anwani yake, akaunti yake, namba yake ya mlipakodi na kumbukumbu zake. Kila mwaka msajili anataka taarifa ya nani ni mkurugenzi na nani ana hisa. Mamlaka ya kodi inataka ritani yake, mbali na yako wewe. Katika nchi nyingine hesabu lazima zipitiwe na mkaguzi aliyeidhinishwa hata kama kampuni ni ndogo. Siku hizi nchi nyingi zinataka pia majina ya wamiliki halisi walio nyuma ya hisa. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachosubiri upate faida.

Tazama mifano miwili ya jinsi ada ya kuingia inavyoweza kudanganya. Katika jimbo la California, kusajili LLC hugharimu dola 70. Kuimiliki hugharimu kodi ya chini kabisa ya dola 800 kila mwaka, upate usipate. Ujerumani nayo, kampuni ya kawaida inayoitwa GmbH huhitaji mtaji wa euro 25,000. Mwaka 2008 ikaruhusiwa aina ndogo inayoweza kuanza na euro 1. Lakini sharti lake ni kwamba robo ya faida ya kila mwaka iwekwe akiba ndani ya kampuni, hadi mtaji utakapofikia euro zile 25,000. Mlango wa euro 25,000 ni uleule kwa aina zote mbili, ila ile ndogo inaruhusiwa kuupita polepole.

Faini nazo zina hesabu zake. Uingereza, kampuni binafsi ikichelewesha hesabu zake hata siku moja hutozwa pauni 150, na ikipita miezi sita faini hufika pauni 1,500. Kampuni ambayo haijauza hata kalamu haisamehewi. Hapa ndipo uvumi mmoja unapowaumiza watu kila mahali: kwamba kampuni isiyofanya kazi haina wajibu wa kuwasilisha chochote. Ina wajibu. Inatakiwa iseme, kwa fomu, kwamba haikufanya kitu. Kampuni iliyolala hulala na mita inazunguka.

Kisha kuna kodi ya hatua mbili. Chukua faida ya 100, na tuseme, kwa mfano tu, kodi ya kampuni ni asilimia 30 na kodi ya gawio ni asilimia 10. Kampuni inatoa 30, zinabaki 70. Ukijigawia hizo 70 kama mwanahisa, unakatwa 7, zinakufikia 63. Kama ungekuwa mfanyabiashara wa peke yako, zile 100 zingetozwa kodi mara moja, kwa viwango vya mtu binafsi, ambavyo kwa mapato madogo mara nyingi huanzia chini. Unaweza kujilipa mshahara, ambao kampuni huutoa kwenye faida kabla ya kodi yake, lakini mshahara nao una makato yake ya kila mwezi na fomu zake. Mapato yakikua sana picha hugeuka, kwa sababu viwango vya juu vya mtu binafsi katika nchi nyingi huzidi cha kampuni, na faida unayoiacha ndani ya kampuni haijafikiwa bado na ile kodi ya pili. Ndiyo maana jibu la mwenye kiwanda si jibu la mwenye mashine moja.

Ngao na mahali inapotoboka

Watu huambiwa kwamba wakiwa na kampuni, nyumba yao iko salama. Ni kweli hadi ukurasa wa mwisho wa fomu ya mkopo. Benki inajua kampuni yako ya miezi minane haina kitu, kwa hiyo baada ya kurasa zote zenye jina la kampuni, unakuta ukurasa mmoja wenye jina lako, namba ya kitambulisho chako na mstari wa saini. Kichwa chake husema "dhamana binafsi". Ukisaini hapo, umeahidi kwamba kampuni ikishindwa, utalipa wewe. Hakuna kosa katika kusaini kama umekubali hatari hiyo, ila usiendelee kudhani kwamba kikomo bado kipo kwa deni hilo. Wenye majengo ya kupangisha na wauzaji wa jumla nao huwa na ukurasa wao wa namna hiyo.

Salomon mwenyewe anafundisha kitu hapa. Kampuni ilipoanza kuyumba, alichukua zile hati zake za deni akaziweka rehani ili apate fedha za kuiokoa. Hakulazimishwa na sheria. Ni mapenzi ya kazi ya maisha yake. Kesi ilipofika kwa Malodi alikuwa anaendesha rufaa yake kama fukara, na neno hilo limo kwenye kichwa cha kesi hadi leo.

Ngao hutobolewa pia na mwenye nayo anapochanganya mifuko. Ukilipa karo ya mtoto kwa akaunti ya kampuni, kesho ukalipia umeme wa nyumbani, keshokutwa mteja akakulipa kwenye simu yako binafsi, basi taarifa ya benki ya mwezi mmoja inaweza kumwonyesha hakimu kwamba wewe na kampuni hamjawahi kuwa watu wawili. Mahakama ikipuuza utengano huo na kumfuata mwenye kampuni, wanasheria huita hatua hiyo kuondoa pazia. Mahakama haziliondoi kwa urahisi, lakini zikiona udanganyifu huliondoa, na mamlaka ya kodi katika nchi nyingi zina njia zao za kumfikia mkurugenzi moja kwa moja kwa makato ya wafanyakazi ambayo hayakuwasilishwa. Na kosa ulilolifanya kwa mikono yako mwenyewe, kama lile la fundi umeme, linaweza kukufuata wewe binafsi hata ukiwa mwajiriwa wa kampuni yako.

Neno juu ya LLC, na juu ya ushirika

LLC ni zao la Marekani. Jimbo la Wyoming lilitunga sheria ya kwanza mwaka 1977, na muundo huu ukaenea hasa baada ya mamlaka ya kodi ya huko kukubali mwaka 1988 kwamba unaweza kutozwa kodi kama ubia huku wamiliki wakibaki na dhima yenye kikomo. Ni mchanganyiko mzuri sana, kwa aliye ndani ya mfumo huo. Mtu anayeifungua kwa mtandao akiwa nchi nyingine, kisha akafanya kazi zote nyumbani, kwa kawaida bado anawajibika kwa kodi za mahali anapofanyia kazi, na sasa ameongeza serikali ya pili ya kuipelekea fomu. Kuna wanaohitaji kweli, kwa mfano wenye wateja na wawekezaji wa huko. Wengine wamenunua mzigo wa kuubeba.

Ushirika ni kwa kundi linalotaka kumiliki pamoja kwa usawa, mwanachama mmoja kura moja, hata kama mmoja ameweka zaidi. Mfano unaotajwa sana ni wa mafundi wa Rochdale, Uingereza, waliounda ushirika wao mwaka 1844 wakiwa 28. Sheria nyingi huweka idadi ya chini ya wanachama na huleta msimamizi wake maalumu. Kwa watu wawili wenye duka, haufai; kwa wakulima au mafundi hamsini wanaonunua malighafi pamoja, unaweza kuwa nafuu kuliko kampuni.

Lini ubadilishe

Ningemshauri anayeanza aache kuuliza "muundo gani ni bora" na aulize hivi: kosa baya zaidi ninaloweza kulifanya katika kazi hii lingegharimu kiasi gani, na nani angelipa? Kama jibu ni kiasi unachoweza kukilipa kwa miezi kadhaa ya kubana matumizi, biashara ya mtu mmoja yenye jina lililosajiliwa na daftari safi inatosha. Kama mko wawili, andikeni mkataba kabla ya mauzo ya kwanza. Kama jibu ni "ningepoteza nyumba", hapo kampuni na bima vinastahili gharama yake, tangu mwanzo.

Kati ya hapo, dalili zitakuja zenyewe. Unaajiri watu. Mteja mkubwa anasema hafanyi kazi na mtu binafsi. Mtu anataka kuweka fedha na apewe sehemu, jambo ambalo hisa hulifanya vizuri na jina la biashara haliwezi. Unasaini mkataba ambao thamani yake inazidi kila ulicho nacho. Kuhama kutoka biashara ya mtu mmoja kwenda kampuni ni safari ya kawaida, ndiyo aliyoifanya Salomon, na inahitaji subira: leseni, mikataba, akaunti na mashine havihami vyenyewe. Kila kimoja lazima kihamishwe kwa maandishi, mikataba ikihitaji ridhaa ya upande wa pili, na uhamisho wa mali huweza kuleta kodi. Fedha ulizoziweka binafsi ziandikwe kama mtaji au kama mkopo wako kwa kampuni, siku ileile, maana baada ya mwaka hakuna atakayekumbuka.

Safari ya kurudi ndiyo ngumu. Kufunga duka na kurudisha funguo hakufungi kampuni. Iko hai kwenye daftari la msajili, na fomu zake zinaendelea kudaiwa. Inabidi madeni yalipwe, ritani za mwisho ziwasilishwe, mamlaka ya kodi na wadai waarifiwe, ndipo yaje maombi ya kufuta jina. Angalia pia salio. Nchini Uingereza, mali iliyobaki kwenye jina la kampuni iliyokwisha kufutwa huwa ya Taji, yaani dola ya kifalme, zikiwemo fedha zilizosahaulika benki, na kuzidai tena ni mchakato wenye ada zake. Kwa hiyo gawa au hamisha kila senti kihalali kwanza, funga akaunti, halafu ndipo upeleke ile fomu ya mwisho.